Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani kamfanya afiche?

Leo naomba tuingie kidogo kwenye historia.

Methali hiyo hapo juu tumeisikia tangu tuko skuli. Semina ya UKIMWI ikiwa Wete, ikiwa Chake, ikiwa Mkoani, mtoa mada hashuki jukwaani mpaka aitaje. Watu wanatikisa vichwa, wanakunywa soda, wanarudi makwao. Mimi methali hii ina jambo linanikera. Si kwamba ni ya uongo, la hasha. Ni kwamba lawama zote inamtwisha mgonjwa. Haiulizi: huyu mtu kwa nini kaficha? Nani kamfundisha kuficha? Nikiifuata historia ya gonjwa hili visiwani mwetu, naona tumemfundisha sisi wenyewe, kwa maneno yetu, kwa sheria zetu, na hata kwa takwimu zetu.

Tuanze na maneno. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983. Watu wa kule wakauita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Waganda nao wakauita Slim, kwa namna unavyomkondesha mtu. Baadaye vijana wa mitaani wakayavunja maneno ya Kiingereza wakasema AIDS ni "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Tulicheka sana. Lakini angalia majina hayo yote: ugonjwa ni wa mlanguzi, ni wa mhuni, ni wa yule. Hakuna aliyeupa jina la nyumbani kwake.

Zanzibar wagonjwa watatu wa kwanza walitangazwa mwaka 1986, na mwaka 1987 serikali ikaanzisha mpango wa kudhibiti UKIMWI. Hata hivyo barazani maneno yalikuwa yale yale: maradhi ya bara, maradhi ya watalii, maradhi ya mabaa. Sisi huku Pemba tulijiona tuko salama zaidi. Kisiwa cha karafuu, watu wa dini, mgeni akishuka gatini jioni mji mzima unajua.

Ila ndugu msomaji, hebu tuwe wakweli. Wete imewahi kuwa kisiwa ndani ya kisiwa? Bandari yetu imepakia karafuu miaka mingi, na majahazi yamekwenda Tanga na Mombasa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Wavuvi wa Kojani, ambayo imo humu humu wilayani Wete, wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago. Wanapiga kambi miezi kadhaa mbali na wake zao, wanauza samaki, wanarudi na pesa. Ndugu zetu wamejaa Mombasa, Dar es Salaam na Muscat. Watu wanaotembea kiasi hicho hawawezi kusema maradhi yanayosafiri na watu hayawahusu.

Sasa sheria. Mwaka 1985, mwaka mmoja tu kabla ya wagonjwa wale watatu, Zanzibar ilipata sheria ambayo kwa jina ilikuwa ya kuwalinda wasichana na wanawake walioachwa. Kwa vitendo, mwanamke asiye na mume akipata mimba aliweza kufungwa mpaka miaka miwili. Miaka 20 ikadumu hiyo! Jiulize: msichana ambaye tumbo lake ni ushahidi wa kesi atakimbilia kliniki? Na kama haendi kliniki, atapimwa damu na nani, na mtoto atakingwa vipi? Sheria hiyo ikabadilishwa mwaka 2005, kifungo kikaondoshwa na pahala pake ikaja adhabu ya kutumikia jamii. Lakini mwaka mmoja nyuma, 2004, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limekaza adhabu za mahusiano ya jinsia moja, safari hii wakitajwa na wanawake. Mkono mmoja unafungua mlango, mwengine unafunga.

Wakati huo huo duniani wagonjwa wenyewe walikuwa wameshaanza kusema. Mwaka 1983 kule Denver, Marekani, kundi dogo la wagonjwa lilitoa tamko kwamba wao si wa kuhurumiwa tu, ni watu wenye haki ya kukaa kwenye meza inapoamuliwa habari yao. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO Uganda. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akasimama hadharani akasema ninao, kisha akatumia miezi yake ya mwisho kuwaeleza Waganda. Alifariki Disemba mwaka huo huo. Na hapa kwetu mwaka 1994 ikaanzishwa ZAPHA+, jumuiya ya Wazanzibari wanaoishi na VVU. Wadau, fikirini ujasiri huo. Mwaka 1994 hakuna dawa, na bado mtu anasimama mbele ya watu wanaomjua yeye, baba yake na babu yake, anasema mimi ni mmoja wao. Hao ndio mashujaa wa historia hii, ila kwenye vitabu vya skuli hutawakuta.

Dawa zenyewe zilichelewa kwa sababu ya pesa. Mpaka mwaka 2000 tiba ya mtu mmoja kwa mwaka iligharimu zaidi ya dola 10,000. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza bei ya dola 350. Afrika Kusini, Zackie Achmat wa Treatment Action Campaign alikataa kumeza dawa alizokuwa na uwezo wa kuzipata mpaka maskini nao wazipate. Presha hiyo, pamoja na Mfuko wa Dunia (2002) na mpango wa PEPFAR wa Marekani (2003), ndiyo iliyofungua njia. Zanzibar huduma ya dawa ilianza mwaka 2005, hospitali ya Mnazi Mmoja, na baadaye ikavuka bahari kuja Pemba.

Huku Wete neno "haki za binadamu" lilikuwa na maana nyengine kabisa. Lilimaanisha Januari 2001, risasi za maandamano, zaidi ya watu 30 waliouawa Zanzibar, zaidi ya 2,000 waliovuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Haki ilikuwa ni kura na damu. Nani angelielewa ukimwambia kwamba na mgonjwa kwenye benchi ya hospitali ana haki ya siri yake? Mimi nasema ni jambo lile lile. Aliyekimbilia Shimoni alikuwa anakimbia kutambuliwa. Na huyu pia.

Tukaja kwenye takwimu, hapa ndipo tulipojidanganya kwa ustadi. Utafiti wa mwaka 2002 ulionesha maambukizi Zanzibar ni asilimia 0.6. Alhamdulillah, tukasema, na tukalala. Lakini uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 ukaangalia watu ambao wastani unawameza: kwa wanaojidunga unga ilikuwa asilimia 16, kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao asilimia 12.3, kwa wanawake wanaouza ngono asilimia 10.8. Yaani ndani ya bahari iliyotulia mlikuwa na visiwa vinavyoungua. Na watu hao hawakai peke yao. Wana wake, wana waume, wana watoto. Teja ni kaka wa mtu.

Kuna waliolifahamu hilo mapema. Mwaka 2009 waliokuwa watumiaji wenyewe walianzisha nyumba za kuacha unga Unguja. Februari 2011 Muhimbili wakaanza kutoa methadone, na mwaka 2015 ikafika Kidongo Chekundu, Zanzibar. Wakati huo Zanzibar ilikuwa imeshapata sheria ya UKIMWI ya mwaka 2013, kufuatia ile ya bara ya mwaka 2008. Halafu tukarudi nyuma: Februari 2017 serikali ilifunga vituo 40 huko bara vilivyokuwa vikiwahudumia watu hawa hawa, kwa madai kwamba vinahamasisha mapenzi ya jinsia moja. Kituo kikifungwa, virusi havifungwi.

Najua wapo watakaosema mwandishi unatetea maovu. Hapana. Simwombi mtu abadilishe dini yake wala maadili yake. Ninachosema ni kwamba daktari si kadhi. Kazi yake ni kutibu, na hukumu ina wenyewe. Isitoshe sayansi imetusaidia: leo tunajua kwamba anayekunywa dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kwa hivyo ukimfukuza teja kliniki kwa matusi hujalinda maadili. Umemnyima kinga mke wake, ambaye pengine ni mwanao.

Na Wete tuna shida yetu ya ziada. Wapemba hujuana kwa vilemba. Ukae nusu saa kwenye benchi ya kliniki, lazima apite binamu yako, mwalimu wako wa chuoni, au jirani ya mama mkwe. Ndiyo maana mtu anaona bora apande gari ya 606 akachukue dawa Chake Chake, dozi ikikatika siku hana nauli. Kujuana kule kule kunakotufanya tuzikane vizuri, kunatufanya tuogope kutibiwa.

Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje mwezi Januari, na kufikia Julai shirika la USAID likavunjwa. Pesa za wageni zikipungua, huduma ya kwanza kukatwa ni ya yule asiye na mtetezi. Mama mjamzito atasemewa na mwakilishi wake barazani. Anayejidunga atasemewa na nani?

Kwa hiyo rai yangu ni mambo matatu. Siri ya mgonjwa ilindwe, na anayeitoa awajibishwe, awe nesi au sheha. Dawa na methadone ziwe kwenye bajeti yetu wenyewe, zisingoje huruma ya Washington. Na hao wanaosemwa waitwe mezani wasemewe na nafsi zao, kama walivyodai wale wa Denver mwaka 1983 na wetu wa 1994.

Tukifanya hivyo, ndipo tutakuwa na haki ya kuitaja ile methali. Kwa sasa tukiitaja, tumalizie na nusu yake ya pili: mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyemfichisha ana sehemu yake ya dhambi.

Tafakari.