Daftari la Mchuuzi na Kodi ya Makadirio Tanzania

Historia ya kodi ya wafanyabiashara wadogo nchini Tanzania haielezeki bila kulitazama daftari, yaani kumbukumbu za mauzo na matumizi ambazo serikali imezihitaji ili ijue faida ya mtu, lakini ambazo mara nyingi hazikuwepo, au zilikuwepo katika maandishi ambayo ofisa wa kodi hakuweza kuyasoma.

Hali hii ya pili ndiyo iliyozua mzozo wa mwaka 1923, wakati utawala wa Waingereza wa Tanganyika, chini ya Gavana Horace Byatt, ulipoleta sheria za leseni, za wachuuzi na za kodi ya faida, likiwamo sharti kwamba hesabu ziandikwe kwa lugha na hati zinazokubaliwa na serikali, ambamo Kigujarati hakikuwamo. Wenye maduka wa Kihindi, waliozoea kuweka hesabu zao katika madaftari marefu yenye majalada ya kitambaa chekundu, yaliyofunguliwa upya kwa ibada kila sikukuu ya Diwali, waliona kwamba wangelazimika kumlipa karani wa pili kwa kazi iliyokwisha kufanywa, wakafunga maduka kwa majuma kadhaa. Haifai kudhani kwamba watu hao hawakuwa na hesabu, kwa kuwa madaftari yao yalikuwa na nidhamu ambayo pengine iliwazidi waliowashutumu.

Mchuuzi wa Kiafrika alikuwa na tatizo jingine. Hata baada ya uhuru, na hata pale Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilipowapa wachuuzi leseni ya kutambulika, sehemu kubwa ya biashara ya mitaani iliendeshwa kwa mali kauli, utaratibu wa kupewa bidhaa kwa ahadi ya mdomo na kulipa baada ya kuuza, ambao hauachi karatasi yoyote ya kuthibitisha bei ya kununulia.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ilijaribu kulikabili jambo hilo kwa kodi ya makadirio, inayotozwa kwa kutazama mauzo ghafi badala ya faida, kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao kwa mwaka hayakuzidi shilingi milioni 20, kiwango kilichopandishwa hadi milioni 100 mwaka 2019. Asiyeweka kumbukumbu alitozwa kiasi maalumu kwa kila daraja la mauzo, na aliyeziweka akapewa hesabu yenye nafuu, ingawa nafuu hiyo iliweza kumezwa na ujira wa mtu wa kumwandikia.

Hapo ndipo mshauri wa kodi alipopata nafasi yake, hasa kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka asiyeridhika na tathmini awasilishe pingamizi ndani ya siku 30, na kwanza alipe kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya iliyotathminiwa, kulingana na kiasi kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna Mkuu akimpunguzia au kumsamehe. Kwa mwenye duka ambaye mtaji wake wote umo kwenye rafu, theluthi hiyo ni bidhaa ambazo hazijauzwa, na kwa hiyo si ajabu kwamba malalamiko ya kodi ya wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, mnamo Mei 2023 yalitolewa kwa kufunga maduka, kama ilivyokuwa 1923, wala si kwa mafaili ya Bodi ya Rufani za Kodi.