Mwaka 1930, Damu na Vumbi

Mwaka 1930 watafiti wawili wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, William Tillett na Thomas Francis, walichapisha matokeo ya jaribio lisilo na mbwembwe. Walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa nimonia, wakayachanganya na kitu kilichotolewa kwenye bakteria wa ugonjwa huo, kitu walichokiita sehemu C. Majimaji yakafanya ukungu, mashapo yakatua chini. Mgonjwa alipopata nafuu wakarudia, na safari hii mashapo hayakuonekana. Kulikuwa na kitu katika damu kinachokuja na ugonjwa na kuondoka nao. Baadaye ilijulikana kuwa ni protini inayotengenezwa na ini, na leo mgonjwa huikuta kwenye karatasi ya majibu ya maabara kwa herufi tatu: CRP. Ikipanda, mahali fulani mwilini pana uvimbe. Wazungu walilipa jambo hili jina linalotokana na moto. Sisi tunalitaja kwa kuvimba. Nadhani picha ya moto inafaa zaidi hapa, kwa sababu CRP ni moshi tu. Haisemi ni nyumba gani inayoungua, wala nani aliyewasha kiberiti.

Mwaka huohuo, karibu na Gauley Bridge katika jimbo la West Virginia, wanaume walianza kutoboa mlima. Kampuni ya Union Carbide ilitaka maji ya mto New River yapite ndani ya mwamba, kiasi cha kilomita tano, ili yazalishe umeme. Waliopita katika kazi hiyo walikaribia 5,000, wengi wao Wamarekani weusi waliotoka majimbo ya kusini wakikimbia njaa ya Mdororo Mkuu. Mwamba wenyewe ulijaa silika (ile ya mchanga na mawe, si ile ambayo mtu huzaliwa nayo). Walichoronga pakavu, bila maji ya kutuliza vumbi. Mashahidi walieleza baadaye kwamba watu walitoka handakini weupe kama waliomwagiwa unga, na kwamba wahandisi walipokuja kukagua walivaa barakoa. Wachimbaji hawakupewa.

Kwa kawaida silikosisi humchukua mtu miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Hapa watu walikufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vifo viliandikwa nimonia, vingine kifua kikuu. Madaktari wengine walizungumzia ugonjwa wa handaki, kana kwamba handaki lenyewe ni kijidudu. Kamati ya Bunge la Marekani ilipowasikiliza mashahidi mwaka 1936, idadi iliyotajwa ilikuwa vifo 476. Nusu karne baadaye, mwaka 1986, daktari Martin Cherniack alipitia kumbukumbu upya na kukadiria 764.

Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama kipimo kile cha New York kingefika kambini Gauley Bridge. Huenda kingewaumiza wachimbaji zaidi. Mapafu yanayoshambuliwa na vumbi kwa kasi ile huwasha uvimbe mkubwa, kwa hiyo mashapo yangetua katika damu ya wengi wao. Lakini kipimo kilizaliwa kwa wagonjwa wa nimonia. Wakili wa kampuni angeinua karatasi ya maabara mbele ya hakimu na kusema: tazameni, ni nimonia. Kipimo kilichokuwapo kabla yake, cha kuangalia chembe nyekundu zinavyotua katika mrija kwa saa moja, kilikuwa na kasoro hiyohiyo. Alf Westergren wa Sweden alikiimarisha mwaka 1921 akiwapima wagonjwa wa kifua kikuu, maradhi yaleyale ambayo silikosisi ilisingiziwa.

Wala kilichokosekana Gauley Bridge si maarifa. Agosti 1930, handaki likiwa linachimbwa, Shirika la Kazi Duniani liliwakusanya wataalamu jijini Johannesburg kujadili silikosisi, na Wamarekani walikuwamo. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya fidia kwa wachimbaji tangu 1911, ingawa mchimbaji mweusi alipewa kidogo sana kuliko mweupe, kisha akarudishwa kijijini kwao akafie huko. Wenela, waliokuwa wakisaka vibarua wa migodi hiyo, baadaye walifika mpaka kusini mwa Tanganyika. Mkutano ule ulihitaji mambo mawili ili kumtambua mgonjwa: picha ya eksirei na historia ya kazi yake. Yaani mtu aulizwe alifanya kazi wapi, na miaka mingapi.

Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kinachotokea ndani. Chembe nyeupe zilizomo mapafuni humeza punje ya silika, zikashindwa kuiyeyusha. Punje huipasua chembe kwa ndani, na kengele ya hatari hulia: hutoka kemikali za kuita uvimbe, nazo hufika mpaka kwenye ini, likaanza kutengeneza CRP. Chembe hufa, punje hubaki nzima, nyingine huja kuimeza. Hivyo mapafu hujaa makovu hata baada ya mtu kuacha kazi.

Ni ugunduzi mzuri, na tangu hapo hamu ya kutafuta silikosisi mapema kwa tone la damu imeongezeka. Siipingi. Nachelea tu jinsi utakavyotumika kazini, maana CRP hupandishwa pia na sigara, unene, jino bovu, kifua kikuu. Mchimbaji mwenye majibu ya juu ataulizwa kwanza anavuta pakiti ngapi kwa siku. Vumbi halitaulizwa kitu.

Australia, mafundi wa kukata mawe ya kutengenezwa kiwandani, yale ya meza za jikoni, walianza kuugua wakiwa bado vijana. Serikali haikungoja kipimo kipya cha damu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ilipiga marufuku jiwe lenyewe.