Ufuo wa Shela: Hazina ya mchanga inayoinywesha Lamu

KISIWA cha Lamu, kilichoko kaskazini mwa pwani ya Kenya, husifika kwa mji wake wa kale, ambao Unesco iliuorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001. Hata hivyo, upande wa kusini wa kisiwa hicho una hazina nyingine, nayo ni ufuo wa Shela.

Kijiji cha Shela kiko takriban kilomita 3 kutoka mjini na hufikiwa kwa miguu au kwa mashua. Kuanzia hapo, mchanga mweupe huenea kwa takriban kilomita 12 kuelekea Kipungani. Anayetaka kuutembea ni heri aanze maji yakipwa, tena abebe maji ya kunywa. Karibu na kijiji, kisiwa cha Manda hupunguza nguvu za mawimbi. Mbele zaidi ufuo hukabili bahari kuu, na mikondo yake ni hatari kwa waogeleaji.

Nyuma ya ufuo kuna vilima vya mchanga. Huko Shela ndiko Waamu walikowashinda wavamizi kutoka Pate na Mombasa, karibu mwaka wa 1812. Muhimu zaidi, vilima hivyo hunyonya maji ya mvua, huyachuja na kuyahifadhi chini ya ardhi, kisha huvutwa visimani kwa matumizi ya wakazi. Kuzoa mchanga huo au kujenga juu yake kwaweza kuyapa maji ya chumvi nafasi ya kuingia visimani. Kwa hivyo, kuvilinda vilima vya Shela ni kuulinda uhai wa mji wenyewe.