Usubi Yupi?

Neno usubi limetwishwa mzigo mzito. Kamusi hulimaliza kwa mstari mmoja: mdudu mdogo anayeruka na kuuma. Ukiumwa na vidudu jioni katika bustani ya pwani, karibu na mikoko, utaambiwa ni usubi. Wizara ya Afya ya Tanzania ikiandika "usubi", inamaanisha ugonjwa, ule unaojulikana sana Mahenge. Naye muuguzi wa Masisi, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa alisomea kazi yake kwa Kifaransa, husema simulie, halafu hukwama pale mama wa kijiji cha Kibabi anapomuuliza: huyo ni mdudu gani?

Tuanze na ukoo. Nzi, mbu, mbung'o na usubi wote wako katika oda ya Diptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa mawili, ambalo Linnaeus alilitumia mwaka 1758. Jozi ya nyuma ya mabawa yao imesinyaa na kubaki virungu viwili vidogo, vinavyomsaidia mdudu kujiweka sawa hewani. Kidudu chenye mabawa manne, hata kiwe kidogo vipi, hakimo katika ukoo huu. Ukitaka kuhesabu mabawa hayo, kiweke kidudu ndani ya pombe kali kisha kitazame kwa lenzi. Ukikiponda kwa kiganja umepoteza ushahidi.

Ndani ya ukoo huo, jina usubi limewafunika wadudu watatu tofauti kabisa.

Wa kwanza ndiye simulie wa muuguzi wetu, jenasi ya Simulium. Ni mweusi, mnene, ana kibiongo, mabawa yake ni mapana na hayana madoa, na huuma mchana. Jike peke yake ndiye anayenyonya damu. Mabuu wake hawawezi kuishi katika maji yaliyotuama. Hujishikiza kwenye mawe na majani mahali mto unapokwenda kasi. Nchi ya Masisi na Walikale imejaa mito ya namna hiyo: maji yanatoka kwenye milima ya malisho, yanaporomoka kuelekea msituni, na mto Lowa unayapeleka hadi Lualaba. Mdudu huyu ndiye anayeeneza minyoo ya onkosakiasisi, ugonjwa ule wa Mahenge. Ndiyo maana Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Onkosakiasisi, ulioanza mwaka 1995 na kufungwa 2015, uliziweka Masisi na Walikale katika mradi mmoja wa kugawa dawa ya ivermectin.

Simulium wa Afrika Mashariki ana kisa ambacho kila mpenda wadudu angepaswa kukijua. Aina iitwayo Simulium neavei ilisumbua watu wa Kenya na Uganda kwa miaka mingi, lakini mabuu wake hawakuonekana popote mtoni. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walieleza walikojificha: juu ya miili ya kaa wa mtoni. Kabla ya hapo, katika bonde la Kodera huko Nyanza, mito ilikuwa imetiwa DDT na mdudu akatoweka, ingawa hakuna aliyejua makao yake hasa.

Wa pili ni Culicoides, na huyu ndiye wa bustani ya pwani. Ni mdogo kuliko wote, milimita moja hadi tatu, na hupenya kwenye matundu ya chandarua cha kawaida. Aina nyingi zina madoa kwenye mabawa, huuma machweo na alfajiri, na huzaliwa katika matope, mboji na samadi yenye unyevu. Wafugaji nao wamtazame kwa makini, kwani hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika na ule wa kondoo uitwao ulimi wa bluu.

Wa tatu ni Phlebotomus: rangi ya mchanga, manyoya mwilini, mabawa yamesimama juu ya mgongo anapotua. Hutoka usiku. Makao yake ni vichuguu, mashimo ya wanyama na nyufa za kuta, na Baringo nchini Kenya anafahamika kwa kueneza ugonjwa wa kala-azar.

Basi tumwiteje kila mmoja? Kutohoa jina la yule wa kwanza kuna kikwazo cha kuchekesha, maana "simulia" tayari ni kitenzi chetu. Ukimwambia mtu ajihadhari na simulia atangoja hadithi. "Upofu wa mto", tafsiri ya jina la Kiingereza la onkosakiasisi, siipendi. Mto haupofushi mtu, na katika maeneo ya misitu ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza zaidi kwenye ngozi: muwasho usiokwisha, vinundu, ngozi kukunjamana kabla ya uzee. Mtu anayejikuna usiku kucha lakini anaona vizuri atadhani bango la upofu halimhusu.

Ninachopendekeza ni kulibakiza neno usubi kwa mdudu, na kumtofautisha kwa mahali anapozaliwa: usubi wa mtoni, usubi wa matope, usubi wa nyufa. Ugonjwa wa yule wa kwanza uitwe ugonjwa wa usubi wa mtoni, kwa ukamilifu wake. Majina haya yanamwambia mwananchi pa kumtafuta mdudu, jambo ambalo Kilatini hakimwambii. Pia yanaondoa kosa la kufukia madimbwi kwa ajili ya mdudu ambaye hazaliwi dimbwini.

Wahudumu wa afya wa kijiji, wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba na vidonge, wanahitaji majina hayo kuliko sisi waandishi. Ivermectin huua vijiminyoo vya ngozini, lakini minyoo mikubwa inaweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15, kwa hiyo dawa humezwa tena mwaka hadi mwaka. Reko akifika kwako, mwulize usubi anayemzungumzia ni yupi, umeze vidonge, na mwakani umpokee tena hata kama huwashwi.