Mpagazi na Mtumwa katika Njia ya Tabora

Mwaka 2006 Tanzania ilipopendekeza njia ya kale ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iingizwe kwenye Urithi wa Dunia, iliitwa njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina ni la haki, ila limemwacha nje mpagazi, ambaye wasomaji wengi humdhania mtumwa kwa kuwa naye alibeba mzigo.

Kiswahili hakikuwachanganya. Mtumwa ni wa kauli ya kutendwa: ametumwa, na mwenye kutuma ni mwingine. Mpagazi hutokana na kupagaa, yaani kubeba begani, na ana kiishio kile kile cha mzazi na mkazi. Yeye ndiye mtenda.

Mnyamwezi aliyeteremka pwani baada ya mavuno kwa kweli alikuwa mtenda. Alipatana kwanza na mwenye mali. Ujira ulihesabiwa kwa nguo, hasa merikani, na posho ilikuwa juu ya mwajiri. Mzigo ulikaribia kilo 30, bila kuhesabu mkeka, chungu na silaha zake mwenyewe. Mwajiri akipunguza posho au akizidisha mwendo, mizigo iliwekwa chini na hakuna aliyeondoka kambini mpaka yaishe maneno. Wengine walitoroka usiku. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton aliwalalamikia mno wapagazi wake. Kwangu mimi malalamiko hayo ni ushahidi wa thamani: yanaonyesha watu waliojua haki yao na namna ya kuidai.

Hata hivyo mpaka ulivukwa. Mabwana wa pwani walikodisha watumwa wao wabebe mizigo, kisha wakachukua sehemu ya ujira. Na huko Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayozunguka Tabora, mpagazi aliyerudi na nguo zake aliweza kununua mateka walioletwa kutoka magharibi, wengi wao wanawake, wakamlimia shamba naye akiwa safarini. Sikubali sifa za wapagazi zisimuliwe huku wanawake hao wakinyamaziwa. Jembe lao ndilo lililompa mume wa nyumba nafasi ya kwenda pwani, na hali yao haikufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara mikubwa ilikosa kazi. Miaka miwili baadaye vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, walioiteka Tabora Septemba 1916, wote walihitaji mabega ya kubeba chakula na risasi, na wanaume wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Waliitwa wapagazi vilevile, ingawa wengi wao hawakupatana ujira na mtu yeyote. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa.