KIA hadi Nairobi: kilomita 235

Wadau, chukueni ramani na rula. Kutoka KIA hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kama kilomita 235 angani. Saa moja haiishi, mmeshatua.

KIA ulifunguliwa mwaka 1971 ili watalii wa Serengeti na Ngorongoro watue kwetu moja kwa moja. Wengi wakaendelea kupitia Nairobi. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa, na Februari Mwalimu Nyerere akafunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo kutoka Kenya vilivyokutwa huku vikazuiwa. Matumaini yalikuwa kwamba sasa KIA utafurika wageni. Wapi! Utalii wetu ukaporomoka.

Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nawaelewa waliokasirika: Nairobi ilikuwa inakula minofu, sisi mifupa. Ila jamani, kufunga mpaka ni kuutupa hata huo mfupa. Na mwenye nduguye ng'ambo ya pili je?

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka KIA.