Dawa za mgonjwa wa ini anayechanganyikiwa
Mama, mgonjwa wako wa ini akilala mchana na kukesha usiku, mikono ikitetemeka, maneno yakimpotea, usidhani amerogwa. Ini lililosinyaa limeshindwa kuondoa amonia itokayo utumboni, na sumu hiyo imefika kwenye ubongo.

Dawa ya kwanza ni laktulosi, dawa ya maji yenye utamu. Lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Amonia hutoka nacho. Huku milimani wengi huiacha wakisema inaharisha. Usiiache. Choo kikiwa maji matupu, rudi kituoni apunguziwe kipimo. Hali ikijirudia, daktari huongeza rifaksimini. Maharage aendelee kula. Dawa za usingizi asipewe. Akiwa mgumu kuamka, usingoje gari la kesho: mteremsheni hospitali ya wilaya, Same, leo hii.